Niliandika goti wakati ninachoumwa ni kifafa: nilivyohangaikia pasi ya basi ya bure huku Uingereza

Wiki iliyopita kuna dada kanipigia simu, hatujuani, kapewa namba yangu na mtu. Anasema na yeye anaanguka kama mimi na kaunsili yao, yaani halmashauri ya mji, wamemkatalia pasi ya basi, nikamuuliza uliandika unaumwa nini kwenye fomu, akanyamaza kidogo halafu akasema niliandika mgongo. Jamani nilicheka, na sikumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe, manake mimi niliandika goti. Nikaona bora nikae chini niandike yote, maana tuko wengi huku tunaoficha halafu tunaishia kulipa nauli ambayo sheria imeshatusamehe.

Mimi yalinianza Novemba 2023. Nilikuwa shifti kwenye nyumba ya wazee, natandika kitanda, nakumbuka nimeshika kona ya shuka na baada ya hapo sijui kitu. Nafumbua macho niko chini, mdomoni ladha ya damu, ulimi nimeung'ata, kiatu kimoja hakipo mguuni, na bibi mmoja mkazi wa pale ambaye siku nyingine hata jina lake halikumbuki kanishika mkono hataki kuniachia. Hospitali wakasema mara moja inaweza isiwe kitu, tusubiri. Hatukusubiri sana. Wiki tatu mbele nikaanguka tena, safari hii jikoni kwangu, goti likapiga kona ya oveni likavimba kama embe. Hilo goti likumbukeni.

Daktari bingwa wa neva ndo akatamka neno lenyewe, kifafa, na sentensi iliyofuata ikawa habari ya gari. Huku ukipata kifafa sheria inakutaka uwaambie DVLA, wale wa leseni, ukinyamaza faini inafika mpaka paundi 1,000, na leseni ya gari ndogo huipati tena mpaka umalize miezi 12 bila kuanguka. Barua yao ikaja, leseni nikaituma. Kigari changu kikakaa nje ya dirisha mwezi mzima, kila asubuhi nakiangalia kinaniangalia, mwisho nikakiuza kwa paundi 1,100 na hela ikaishia kwenye kodi ya nyumba.

Kazini nikarudi katikati ya Januari 2024. Kutoka kwangu ni basi mbili kwenda na mbili kurudi, za kampuni mbili tofauti kwahiyo tiketi ya siku ya huku haifanyi kazi kule. Bahati ni kwamba tangu Januari 2023 serikali ilikuwa imeweka kikomo cha nauli England, paundi 2 kwa safari moja (Januari 2025 ikapanda ikawa 3), kwahiyo nilikuwa natoa paundi 8 kwa siku, 40 kwa wiki, na kwa mshahara wa keya, mtunza wazee, hiyo 40 unaisikia.

Mwenzangu kazini, Muingereza, akaniambia mbona huombi pasi ya walemavu, wewe si huruhusiwi kuendesha? Nikamwambia mimi sio mlemavu. Nilisema haraka kweli. Nyumbani mtu wa kuanguka nyie mnajua, akianguka njiani watu wanamkimbia, wanasema mate yake yanaambukiza, binti akijulikana anaanguka basi habari za kuolewa zimeisha hapo. Mama aliponipigia baada ya hospitali neno lake la kwanza baada ya pole lilikuwa "mwanangu, usiiandike popote hiyo." Na mimi nikatii, mtu mzima wa miaka 38.

Sababu ya pili iliyonichelewesha ni viza. Kuna maneno yanazunguka kwamba ukichukua chochote cha bure huku Home Office, wizara ya mambo ya viza, wanakuhesabia. Hii nimeisoma mwenyewe sasa: kuna orodha ya vitu vinavyoitwa fedha za umma, na PIP, ile posho ya ulemavu, imo, kwahiyo kama viza yako imekatazwa fedha za umma PIP usiiguse. Pasi ya basi haimo kwenye orodha. Kaunsili wanachoangalia ni kwamba unaishi kwenye eneo lao na ulemavu wako unaingia kwenye masharti. Mi nilipoteza wiki mbili kwa hofu ya kitu ambacho ningeweza kukisoma kwa dakika tano.

Mwisho wa Januari nikafungua fomu, ilikuwa mtandaoni, na hapo ndo nilipoharibu.

Sheria ya England inatambua makundi saba ya ulemavu kwa ajili ya pasi hii. Asiyeona au anayeona kwa shida sana, kiziwi wa kiwango kikubwa, asiyeweza kusema, mwenye shida kubwa ya kutembea ya muda mrefu, asiye na mikono au asiyeweza kuitumia yote miwili, mwenye ulemavu wa akili wa kujifunza na kuelewa, na la saba ambalo watu wanalipita kwa sababu limeandikwa kama mambo ya magari: mtu ambaye akiomba leseni ya udereva atanyimwa kwa sababu za kiafya. Hilo la saba ndo mlango wetu sisi wa kifafa. Na sio sisi tu, wanaingia humo watu wa kizunguzungu na kuzimia ghafla, magonjwa makubwa ya akili, hata mtu ambaye macho yake hayawezi kusoma namba ya gari kutoka mita 20. Aliyenyimwa leseni kwa ulevi au madawa ndo haingii.

Mi nililiona hilo la saba. Nililisoma mara mbili. Halafu nikaenda kutiki la kutembea, nikaandika goti, kwa sababu goti lilikuwa linauma kweli na goti halina aibu.

Wakataka ushahidi, nikaenda kwa GP, daktari wangu wa kawaida wa mtaani, nikaomba barua, nikalipa paundi 35 (barua za namna hii GP anaruhusiwa kulipisha, ulizeni bei kabla). Sikuisoma hata, nikaipakia vilevile kwenye fomu. Kuja kuisoma baadaye daktari kaandika ukweli mtupu, goti limeteguka, linatarajiwa kupona ndani ya wiki kadhaa. Sasa kundi la kutembea linataka shida ya angalau miezi 12! Yaani nimetoa hela yangu mwenyewe kununua karatasi ya kunikatalia. Kwenye barua hiyohiyo chini kabisa kulikuwa na mstari unasema mgonjwa pia ana kifafa na haendeshi gari, lakini mi sikuwa nimetiki huko na afisa aliangalia nilichoomba.

Jibu likaja katikati ya Machi, hapana. Nilikuwa kituoni nasubiri basi ya pili, mvua, nikaisoma kwenye simu nikalia palepale. Halafu nikakasirika, na ntasema ukweli wangu, nilimwambia kila mtu kwamba ni ubaguzi, wamenikatalia kwa rangi yangu. Nilisema kanisani, nilisema kwenye grupu la WhatsApp, wengine wawili watatu wakasema ndo zao hao. Kuna mahali ubaguzi upo na nimekutana nao, ila siku ile haukuwepo, siku ile lilikuwepo goti.

Aliyenitoa gizani ni bibi mmoja wa Kizanzibari. Nilikuwa off siku hiyo, naenda kliniki, nikamkuta kituoni na fimbo nyeupe na mkoba mikono miwili, kavaa baibui, nikasikia anasoma dua kidogo kwa sauti nikajua huyu wa kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Saa ngapi hapo?"

Nikamwambia saa tatu na dakika ishirini na nne. Basi ikaja, ikasimama, hakupanda. Na mimi ilikuwa sio yangu nikabaki. Nikamuuliza mbona hukupanda, akasema pasi yake haifanyi kazi mpaka saa tatu na nusu, kwanini alipe paundi mbili kwa ajili ya dakika sita. Tukaanza kuongea pasi. Nikamtolea hadithi yangu ya ubaguzi, yote, na goti. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Kwani wewe maradhi yako hasa ni yepi? Maana hilo goti ushalisimamia robo saa nzima hapa."

Nikamwambia kwa sauti ndogo. Naanguka, bibi.

"Kifafa?"

"Ndiyo."

"Sasa si ungeandika kifafa! Fomu haiji kukuposa, mwanangu, unaificha nini?"

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Miezi mitano ile ndo ilikuwa mara ya kwanza neno hilo linatamkwa kwa Kiswahili mbele yangu na mtu hajashusha sauti.

Wiki ileile, mwanzoni mwa Aprili, nikaomba upya. Nikatiki la saba, nikaandika kifafa, nikapakia barua ya DVLA ya leseni na barua ya kliniki ya neva ambayo ilikuwa imelala kwenye droo bure muda wote. Hakuna senti niliyolipa. Bili ya kodi ya kaunsili (council tax) kuonyesha naishi hapo, pasipoti, picha. Picha waliirudisha mara moja kwa sababu ya kivuli ukutani, nikapiga nyingine. Mwisho wa Aprili kadi ikaingia mlangoni na barua za matangazo ya piza, nusura niitupe.

Yule dada wa simu aliuliza, sasa mimi sijawahi kuwa na leseni kabisa, nimefungiwa nje? Hapana. Sheria inasema ungenyimwa kama ungeomba, haisemi lazima uwe uliwahi kuwa nayo. Tafuta barua ya daktari wako wa neva inayosema una kifafa na lini mara ya mwisho uliangua... uliangua tena, mama weee, uliANGUKA, simu hii! Na barua ya kliniki mara nyingi unayo tayari, wanakutumia nakala kila ukitoka kumwona, usizitupe zile. Wenye PIP njia yao fupi zaidi, ukiwa na pointi 8 au zaidi kwenye kipengele cha kutembea au kile cha kuwasiliana kwa mdomo unaonyesha tu ile barua ya uamuzi. Wengine watapelekwa kwa mpimaji wa kaunsili badala ya kumsikiliza GP wako, msinune, ndo utaratibu.

Kadi yenyewe. Ni kama kadi ya benki, ina picha yako, ua la waridi linalong'aa ukiigeuza kwenye mwanga, na rangi ya chungwa, za wazee ni bluu. Unaiweka kwenye mashine kwa dereva, inalia tii, unapita. Tangu tarehe 1 Aprili 2008 inafanya kazi kwenye mabasi ya kawaida England nzima, sio kwa kaunsili yako tu kama zamani. Jumatatu mpaka Ijumaa ni saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tano usiku, saa zetu hizo za Kiswahili, wikiendi na sikukuu za kitaifa siku nzima. Kaunsili nyingine zinaongeza, wenye ulemavu wanapanda muda wowote, ya kwangu haimo. Uliza ya kwako, usichukulie ya shangazi yako wa mji mwingine.

Siku ya kwanza nilikuwa na haraka ya kujionyesha nikapanda saa tatu na dakika ishirini na nane. Mashine ikalia vibaya. Dereva akaniambia bado dakika mbili, ulipe au ushuke. Nikalipa kwa aibu, foleni yote nyuma inaniangalia. Kuna madereva wanafumba macho wakiona ni dakika mbili tatu, ila usijenge siku yako juu ya huruma ya dereva.

Sasa hesabu, maana watu wanadhani ukipata pasi umeshaokoka. Shifti yangu ilianza saa mbili asubuhi, kwahiyo kwenda nilikuwa bado nalipa, pasi ilinisaidia kurudi tu, 20 kwa wiki badala ya 40. Ile fomu ya goti ilinichelewesha kama wiki kumi, piga 20 mara kumi ni 200, jumlisha 35 za barua, 235 zimeenda kwa aibu. Nikaona haitoshi, nikaenda kwa meneja nikaomba nianze saa nne na nusu. Kuna sheria ya usawa ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri akufanyie marekebisho ya busara ukiwa na ulemavu, na kifafa kinaingia humo. Aliguna, akasema ataangalia ratiba ya zamu, baada ya wiki mbili akakubali. Lakini ilibidi nimwambie kwa maandishi naumwa nini. Unaona, kila mlango ulikuwa na neno lilelile.

Watu kwenye basi ni habari nyingine. Mi naonekana mzima, natembea, nabeba mifuko. Mara moja dereva aliiangalia kadi, akaniangalia, akaiangalia tena, akauliza hii ni yako? Nikamwambia angalia picha. Akaangalia. Akasema hufanani na mlemavu. Watu wanasikia. Nilitamani kumwelezea, mdomo ukafunguka kabisa, halafu nikaufunga nikaenda kukaa, mikono inatetemeka mpaka kituo cha tatu. Picha ni yako na kadi haijaisha muda, basi, huna deni la kumhadithia mtu maisha yako pale mbele. Baadaye nilianza kuvaa ile kamba ya kijani yenye maua ya alizeti, ya ulemavu usioonekana, ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 na siku hizi wengi wanaijua. Nimetundika kadi humohumo, maswali yamepungua.

Glasgow nilipata somo la bei. Nilienda kwa dada yangu, nikatoa kadi kwa madaha, dereva akasema hii ya England, hapa Scotland. Wana kadi yao, na Wales wana yao, na ya kwetu kule sio kitu. Pia mabasi ya safari ndefu ya kukata tiketi mapema hayamo. London mabasi sawa, treni za chini ya ardhi hapana, wenyeji wa London ndo wana Freedom Pass yao inayofika na huko.

Na kwa kuwa mnaniuliza inboksi, mbili za haraka. Kama unatumia dawa za kifafa kila siku, England kuna cheti cha kupata dawa bila kulipia, fomu anayo GP, mimi nililipa famasi miezi minne kabla hajaniambia mtu. Na kwenye treni kuna kadi ya punguzo ya walemavu, mnapunguziwa theluthi moja ya nauli, wewe na mtu mzima mmoja unayesafiri naye. Kwenye basi msindikizaji wa bure unategemea kaunsili, wanaotoa wanakuandikia herufi C kwenye kadi. Ya kwangu nimeiomba, bado wananizungusha.

Februari mwaka huu nilikuwa na miezi kumi safi. Nilikuwa nahesabu kwenye kalenda ya ukutani, nimebakiza miwili niombe leseni, na hapo kuna kituko ambacho hamna anayekwambia, ukipona ile miezi 12 leseni inarudi na sababu ya pasi inaondoka. Nilikuwa nishaanza kuangalia magari ya mtumba kwenye simu. Nikaanguka ndani ya basi, ghorofa ya chini, kiti cha pili. Nilivyoambiwa ni kwamba dereva alisimamisha basi, mama mmoja akaweka koti lake chini ya kichwa changu na kijana wa shule akahesabu dakika kwenye simu, dakika mbili na nusu, kwa sababu kwenye ile kamba shingoni nyuma ya pasi nimeweka kakaratasi kanakosema nina kifafa, msinishike kwa nguvu, zikipita dakika tano pigeni 999, namba ya dharura. Basi zima lilisubiri. Hakuna aliyekimbia.

Hesabu ikarudi sifuri. Pasi nikaongeza muda Aprili, safari hii fomu ilinichukua dakika kumi na mbili.

Jumapili mama kapiga, nikamwambia wameniongezea. Akauliza kwa ile sauti yake ya kushuka, "Na kwenye hiyo kadi wameandika unaumwa nini?"

"Hawajaandika, mama. Ni picha yangu na ua."

"Ua gani?"

"Waridi."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma, na kuku.

"Hebu nipigie picha uitume," akasema. "Nimwonyeshe mama yako mdogo."